Kabla Hujaitafuta Picha Yangu Ukutani

Mwanangu Wakesho,

Saa hizi mko Lewisville, wewe na mama yako, kwa yule dada Mkongomani anayesuka nywele, na kwa jinsi ninavyomjua hajafika hata nusu ya kichwa. Nimebaki peke yangu hapa Grand Prairie. Nimesogeza bakuli la matunda pembeni, nimekaa mezani na kalamu. Barua ya kwanza niliichana. Ya pili pia. Zote mbili zilianza vizuri mno, kama hotuba ya mgeni rasmi.

Habari za koti, soksi za sufu, dawa ya kifua na namba za simu, mama yako amekuandikia karatasi mbili, mbele na nyuma, nami sizirudii. Yeye ni muuguzi. Akisema vaa kofia, vaa kofia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa.

Unakumbuka tulipokuwa tunakula, Jumapili ya wiki juzi? Ulikuwa umetoka kwenye kompyuta ya maktaba, una karatasi ulizochapisha, unatuonyesha ramani ya chuo na majengo yake. Ukasema, "Dad, kwenye jengo la engineering kuna ukuta wenye picha za kila darasa lililohitimu. Zote, tangu zamani! Siku ya kwanza nikifika tu, naenda kukutafuta. Nitakupiga picha nikutumie."

Mama yako aliweka kijiko chini. Mimi nikasema, "Sawa, binti yangu," kisha nikaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Wakesho, usinitafute pale. Simo.

Sikuhitimu chuo kile. Nilikaa miezi minane, nikaanguka, nikaambiwa niondoke. Na picha yangu ya sebuleni, ile niliyovaa joho, ambayo umekulia chini yake, haikupigwa Kanada. Ilipigwa Houston, kwenye nyasi za chuo ambacho sijawahi kusoma hata siku moja. Joho lilikuwa la rafiki yangu aliyehitimu siku hiyo. Aliniazima kwa dakika kumi.

Nimeandika. Sasa ngoja nikueleze vizuri.

Babu yako, unajua, alikuwa mwashi. Alijenga kuta za mawe kule Wundanyi, kuta za shule, za kanisa, za nyumba za watu waliokuwa na uwezo kuliko yeye. Kila mara kulikuwa na kijana wa mjini aliyekuja na karatasi kubwa ya ramani, akasimama kwenye kivuli akimwonyesha mzee wangu kwa kidole pa kuweka jiwe. Babu yako hakuchukia. Alisema tu jioni moja, akinawa chokaa mikononi, "Siku moja nitajenga kwa ramani iliyochorwa na mtoto wangu." Nilikuwa na miaka kumi hivi. Kuanzia siku hiyo sikuwahi kuwa wa pili darasani. Na ufadhili wa kwenda Kanada ulipotoka, mimi niliupata kwa sababu wilaya nzima hapakuwa na wa kunishinda kwa hesabu.

Yote niliyokusimulia kuhusu chuo chenyewe ni kweli, na sitaki uyatupe pamoja na uongo wangu. Kweli kuna majengo ya mawe ya kijivu yaliyofunikwa na majani yanayotambaa, na majani hayo huwa mekundu mwezi wa kumi mpaka unadhani ukuta unawaka. Kweli kuna njia zinazopita chini ya ardhi ili wanafunzi wasigande wakati wa theluji. Maktaba ni kubwa kuliko hospitali aliyofanyia kazi mama yako. Wakanada wenyewe wakikitaja chuo hicho hupunguza sauti kidogo, kama watu wanaotaja ukoo wa chifu, na magazeti yao yakipanga vyuo kwa ubora, hicho hakikosi kuwa mbele. Kitabu cha hesabu tulichokisoma kiliandikwa na mtu ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu. Hebu fikiria hilo! Kule kwetu mwandishi wa kitabu ni kama malaika, jina tu kwenye jalada. Pale nilimkuta kwenye foleni ya kahawa, amevaa sweta lililotoboka kiwikoni, anatafuta sarafu mfukoni.

Ndiye aliyenifundisha. Au niseme, ndiye aliyejaribu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba sifa ya chuo ni kama koti, ukishaingia unavikwa. Nilitembea kwenye viwanja vile wiki ya kwanza kifua mbele. Niliandika barua saba nyumbani, na katika kila moja nililitaja jina la chuo mara mbili. Darasani tulikuwa mia kadhaa kwenye ukumbi mmoja wa ngazi. Profesa aliandika ubao mmoja, akaandika wa pili, akafuta wa kwanza. Vijana walionizunguka walikuwa wamekwisha kuyaona mambo yale shuleni kwao. Mimi sikuwa nimeyaona. Ningeweza kuyajifunza, Wakesho, akili nilikuwa nayo. Lakini nilitazama huku na huku, nikaona hakuna aliyeinua mkono, nami nikaandika kila kitu kwenye daftari kana kwamba nimeelewa.

Mtihani wa kwanza nilipata thelathini na moja kwa mia. Mimi! Nilikunja karatasi ile mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Lakini kabla ya kuikunja niliona maandishi ya wino mwekundu chini: "Tafadhali njoo ofisini tuzungumze. Hili linarekebishika."

Sikwenda. Kule nilikosoma, mwanafunzi akiitwa ofisini alitoka anatembea upande upande kwa viboko. Lakini hiyo ni nusu tu ya sababu. Mtu aliyezoea kuwa wa kwanza hana mazoezi ya kuomba msaada. Hajui hata sentensi inaanzia wapi.

Mtihani wa pili ulirudi mbaya zaidi, na wino mwekundu tena: "Bado nakungoja." Safari hii nilipanda mpaka ghorofa ya tatu. Ilikuwa saa tisa mchana, nje theluji inaanguka. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Ndani nikasikia sauti ya mwanafunzi akisema, "Sielewi, hata sasa sielewi," na profesa akasema kitu, kisha wote wawili wakacheka.

Nilisimama pale na kofia mkononi. Nilidhani ni kicheko cha watu wenye akili, waliozoeana, na kwamba nikiingia kitakatika. Nikashuka ngazi. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba yule kijana alikuwa ameingia na shida ileile niliyokuwa nayo mimi. Yeye aligonga tu. Hiyo ndiyo tofauti yote kati yake na mimi, na nina hakika picha yake ipo kwenye ule ukuta.

Baada ya hapo niliacha kwenda darasani, nikawa naingia kwenye mitihani tu. Kila asubuhi nilitoka bwenini na mfuko wa vitabu ili mwenzangu wa chumbani asishtuke, nikaenda maktaba, ghorofa ya tano, nikasoma magazeti ya jana mpaka jioni. Niliwajua wafu wote wa mji ule kwa matangazo ya vifo. Mwezi wa nne ikaja barua ya kunitaka niondoke. Ilisema pia kwamba nina haki ya kuandika maelezo yangu, yatasikilizwa. Sikuandika. Nilimpigia mwenzangu wa shule aliyekuwa Houston, akasema njoo, huku hakuna baridi na kazi zipo. Nikapanda basi. Siku tatu njiani, na sikumbuki mji hata mmoja.

Houston tuliishi vijana wanne kwenye fleti moja Gulfton, na nilipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Hapo ndipo nilipomkuta mama yako. Alikuwa anakunja mashuka mchana na kusoma uuguzi jioni, na alikuwa na desturi ya kubandika maneno ya masomo yake kwenye ukuta wa mashine ili ayakariri akikunja. Siku moja aliniuliza neno fulani la Kiingereza, nikamweleza vizuri, akasema, "Wewe umesoma." Sijui kwa nini, lakini yeye sikumdanganya. Nilimwambia yote, tumesimama katikati ya mashuka ya moto. Alinisikiliza, kisha akasema, "Umeanguka mtihani. Hujaua mtu. Waambie wazee wako."

Nilimwambia nitawaambia. Nilikuwa na nia kabisa.

Lakini barua za babu yako zilikuwa zimeanza kuniuliza. Alikuwa hajui kuandika vizuri, kwa hiyo alimtuma katekista amwandikie, na hiyo maana yake ni kwamba kanisa zima lilijua kinachoulizwa. "Mwanangu, wanaoulizia ni wengi. Unamaliza lini?" Niliiacha bila jibu. Ikaja nyingine. Ndipo rafiki yangu alipohitimu chuo chake cha hapo Houston, nikaenda kumpongeza, na nikamwomba joho.

Picha ilifika Wundanyi baada ya mwezi. Babu yako alichinja mbuzi. Aliijengea picha ile kishubaka chake ukutani, kwa mawe aliyoyachonga mwenyewe, akaniandikia kupitia mkono wa katekista kwamba sasa anaweza kustarehe. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sirudi kuchora ramani. Aliwaambia watu, "Mwanangu anajenga Amerika."

Ulikuwa na miaka saba alipofariki. Mimi nilienda kuzika, ninyi mkabaki. Katekista alisoma wasifu wa marehemu, na alipofika kwangu alisema, "Ameacha mwana ambaye ni mhandisi, mhitimu wa chuo kikuu cha Kanada." Watu wote wakageuka kunitazama, wengine wanalia na kutabasamu kwa pamoja. Nami nikaitikia kwa kichwa. Kando ya kaburi la baba yangu, Wakesho, nikaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nadhani uongo ukishazikwa na mtu umekwisha. Lakini nilirudi nao, na humu ndani ya nyumba ukawa unakua pamoja nawe. Uliponiuliza ukiwa mdogo kwa nini mhandisi anaendesha forklift kwenye ghala, nilikujibu, "Hawazitambui karatasi zetu." Umelisikia jibu hilo mara ngapi? Ni jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa, kwa sababu kwa wengine ni kweli. Baba Amani, unayemwita anko, alikuwa mhandisi wa barabara kule Bukavu, alijenga madaraja ambayo watu wanayapita mpaka leo, na hapa anapakia maboksi pamoja nami. Yeye amedhulumiwa kweli. Mimi nilijibanza ndani ya dhuluma yake kama mtu anayejikinga mvua kwenye baraza la jirani, na yeye akanipisha nafasi bila kuuliza. Miaka yote hiyo tumekula chakula cha mchana pamoja, tukilalamika kwa sauti moja.

Sasa nifike kwako, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Ulikuwa kidato cha kwanza cha high school ulipoleta karatasi ya kemia yenye alama mbaya. Uliiweka hapa mezani mwenyewe, ukasema, "Dad, I don't get it. Can you help me?" Kumbuka hilo. Uliileta mwenyewe. Na mimi, kwa sababu sikuijua ile kemia, na kwa sababu niliogopa utagundua kwamba siijui, nilipandisha sauti. Nilinyoosha kidole kwenye picha ya sebuleni. Nikasema, "Mimi nimesoma chuo ambacho watu hapa wanakiota, na wewe unaniletea hii?" Uliichukua karatasi yako polepole, ukaenda chumbani, na tangu siku hiyo hukuniletea nyingine.

Miezi michache baadaye nilikuwa nageuza godoro lako ili mama yako afagie, nikazikuta. Karatasi nne. Zilikuwa zimekunjwa ndogo, ndogo kabisa.

Nilikaa kwenye kitanda chako, na lilikuwa jambo la kutisha, mwanangu, kuviona vidole vyangu vya zamani katika mikunjo ile. Hakuna aliyekufundisha kukunja hivyo. Ulifundishwa na kelele zangu. Nilipaswa kukungoja utoke shule, nikuambie, "Hata mimi." Maneno mawili tu. Badala yake nilizirudisha chini ya godoro kama nilivyozikuta, nikafungua televisheni.

Kilichokuokoa si mimi. Ulienda mwenyewe kwa mwalimu wako wa kemia baada ya masomo, ukagonga, ukamwambia huelewi. Nilikuja kujua siku nilipokufuata shule, nikakuta mmeinama wote wawili juu ya daftari, unauliza swali, anajibu, unasema hapana, bado. Ulikuwa huoni haya hata kidogo. Nilisimama kwenye korido na funguo za gari mkononi nikakutazama kwa muda mrefu. Halafu mwisho wa mwaka ulipopata A, mimi ndiye niliyesimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba mtoto amefuata nyayo za baba. Ulicheka, ukaficha uso. Naomba unisamehe kwa ile siku ya karatasi, na kwa ushuhuda ule pia.

Kwa hiyo ulipokubaliwa na vyuo viwili hapa Texas na kile cha Kanada, ukachagua Kanada, ukasema unataka kwenda alikokwenda baba yako, nilifurahi kama mwendawazimu na nikaogopa kama mwizi. Mama yako hajaninyamazia tangu Jumapili ile ya chumvi. Alinifuata gereji akasema, "Ukimwacha akatafute uso usiokuwepo, utakuwa umemtuma mtoto wako akaaibike ugenini kwa ajili yako. Mimi nimekutunzia siri hii miaka yote kwa sababu ni yako. Lakini aibu hiyo si yake."

Jumatano, wakati wa mapumziko kazini, nilipiga simu chuoni, kitengo cha kumbukumbu. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitumaini waniambie hawajawahi kunisikia. Aliyepokea alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akaniacha nikisikiliza muziki. Aliporudi alisema, "Ndiyo, upo. Kuna masomo mawili uliyofaulu: Kiingereza na jiolojia. Jiolojia ulifanya vizuri sana."

Sikuwa najua! Bahasha ya mwisho ya matokeo sikuwahi kuifungua, niliitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Nilisimama kati ya mapaleti, simu sikioni, na yule mama akauliza kama bado nipo. Nilikuwa mzuri katika habari za mawe, Wakesho, mtoto wa mwashi, na sikujua, kwa sababu nilipokuwa naficha kuanguka kwangu nilikificha pia kile nilichokiweza.

Leo asubuhi, kabla hamjaamka, nilikwenda kwa Baba Amani. Nilitaka kumwambia mtu mwingine kwanza, nijue kama maneno yanatoka. Tulikaa kwenye ngazi za fleti yake, nikamweleza kila kitu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akasema, "Ndugu, hii miaka yote, kila siku asubuhi, niko nakuombea Mungu akufungulie mulango wa kazi yako. Nilikuwa nakutanguliza wewe, kisha mimi."

Nikamwambia najua, na kwamba sistahili kukaa pale.

Watoto wa jirani walipita na baiskeli. Nilikuwa nimekwisha kuinuka niende zangu aliposema, "Kaa chini. Nina hasira na wewe, na itabakia siku mingi. Lakini kesho nitakuombea tena. Nitabadirisha maneno tu." Halafu akamwita mkewe alete chai.

Bibi yako wa Wundanyi bado sijamwambia. Nitampigia, lakini si leo, na sitaki nikudanganye kwamba nimeshapata nguvu hiyo. Naomba jambo hilo uniachie mimi mwenyewe.

Unaenda chuo chenye jina kubwa. Jina hilo limetengenezwa na watu waliokutangulia, kwa kazi yao, na wewe umepewa kiti tu ndani yake. Kiti hakikuongezei akili wala hakikupunguzii. Kuna siku utakaa katika ule ukumbi na hutaelewa hata mstari mmoja, na utatazama huku na huku na utaona kila mtu anaandika. Wengi wao wanaandika kama nilivyoandika mimi. Zamani nilidhani ubora wa chuo kile ni yale mawe na ile maktaba. Siku hizi nikikumbuka, naona ubora wake ulikuwa yule mzee wa sweta lililotoboka, mtu aliyekuwa na vitabu vya kuandika, ambaye kati ya karatasi mia kadhaa aliisoma ya kijana asiyemjua mpaka chini, akachukua muda kumwandikia njoo. Alifanya hivyo mara mbili. Hilo ndilo unalokwenda kulipata kule, na hutalipata ukiwa ghorofa ya tano unasoma matangazo ya vifo.

Wewe hili unalijua kuliko mimi. Ulijifunza ukiwa na miaka kumi na minne bila msaada wangu. Nalisema ili ujue kwamba baba yako naye amelijua, ingawa amechelewa.

Na ukianguka, maana watu huanguka, nipigie mimi kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Usinipangie maneno. Sema tu alama. Sitapandisha sauti. Kama itanitoka kwa mazoea, kata simu, kisha nipigie tena.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye sanduku lako, katikati ya sweta, uisome ukiwa kule mbali, mimi nikiwa huku. Nimeona kwamba hiyo ni njia yangu ileile ya kushuka ngazi. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi, kabla ya chakula. Isome chumbani kwako, chukua muda wako wote. Mimi nitakuwa hapahapa mezani, siwashi televisheni, siendi gereji. Asubuhi nitakupeleka uwanja wa ndege hata kama hutasema nami neno njia nzima, na mizigo nitaibeba mimi.

Lakini ukitaka kuja usiku huu kunifokea, njoo. Nifokee kwa Kiingereza kama ndicho kinachokutoka haraka. Nitaelewa yote, na nitakaa mpaka umalize.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda kuliko nilivyowahi kukuonyesha.